UZI: Kujenga kabineti ya gemu za zamani hapa Nairobi, anza na joistiki, mbao ni za mwisho

mtu_wa_joistiki

Wadau, maswali ya kabineti ya gemu yamekuwa mengi sana huku, ile ya kusimama mbele yake ukishika joistiki, na karibu kila mtu anaanza na mbao, nitumie mbao gani, fundi yuko wapi, rangi gani. Msimamo wangu ni mmoja, mbao zikuje mwisho. Kinachofanya watu wairudie hiyo mashine kila jioni ni mkono, yaani joistiki, vifungo, venye vimepangwa na urefu wake kutoka sakafuni. Hapo pakikosewa hata uweke skrini ya bei gani, watu watacheza wikendi moja halafu inabaki hapo ikishika vumbi.

Angalia gemu zenyewe. Pac-Man ya Namco ilitoka 1980 na haina hata kifungo kimoja cha kucheza, ni joistiki tu ya njia nne, yaani juu, chini, kushoto na kulia. Donkey Kong ya Nintendo, 1981, njia nne na kifungo kimoja cha kuruka. Street Fighter II ya Capcom, 1991, joistiki ya njia nane na vifungo sita, vitatu vya ngumi juu, vitatu vya teke chini, hafifu, wastani na kali. Hizo ni mashine tatu tofauti kabisa kwa mkono, na wewe unataka zikae kwa paneli moja, yaani ule ubao unashika joistiki na vifungo, sebuleni kwako, sasa unaona kwa nini hii ndio kazi yenyewe na sanduku ni nguo tu.

Kwa hivo nunua hizi kwanza: joistiki moja, vifungo sita vikubwa, viwili vidogo, kimoja cha kuanza na kingine cha kuigiza kwamba umeingiza shilingi, na bodi ndogo ya USB ya kuviunganisha. Ile bodi rahisi inaitwa Zero Delay, kila kifungo kinakuja na waya zake mbili unachomeka, joistiki inachomekwa na kebo ya waya tano, kompyuta inaiona kama pedi ya kawaida, hakuna programu ya kuweka. Bodi moja ni mchezaji mmoja, kwa hivo wachezaji wawili bodi mbili, na hizi bodi mbili zina jina moja kwa kompyuta kwa hivo ukishazipanga usizihamishe tundu za USB, ama mchezaji wa kwanza atajikuta amekuwa wa pili. Kuna nyingine inaitwa I-PAC ya kampuni ya Ultimarc ya Uingereza, hiyo inajifanya kibodi na vifungo vyote vinashiriki waya mmoja wa ardhi (ground), ni nzuri sana lakini ni ya kuagiza, na kwa mashine ya kwanza sioni haja.

Halafu chukua kifuniko cha katoni ngumu ama kipande cha plaiwudi kilichobaki kwa fundi, toboa, funga, chomeka kwa laptop yoyote iko nyumbani, cheza. Si siku moja, cheza mpaka ukome kuifikiria. Weka mkono mlegevu juu ya karatasi uchore ncha za vidole, utaona kidole cha kati kiko mbele ya vingine, kwa hivo safu ya vifungo haifai kuwa mstari ulionyooka, inapinda kidogo kufuata vidole. Katikati ya kifungo hadi katikati ya kingine acha kama milimita 36 hadi 38. Ukishasogeza mpaka mkono umetulia, hiyo katoni ndio ramani yako, ndio utapeleka kwa fundi.

Naendelea na mashimo na joistiki chini hapo, wacha niweke hii kwanza.

kijana_wa_umoja

Bro asante kwa uzi. Lakini kwani siwezi tumia pedi za PS ziko hapa, mbona nisumbuke na joistiki? Na mimi naishi bedsitter, hiyo kitu ya kusimama itakaa wapi na kitanda iko hapo.

mtu_wa_joistiki

Pedi zinafanya kazi, sikukatazi, na kama unacheza gemu za mpira tu baki na pedi. Lakini ukitaka ile ya kupiga Hadouken, ule mpira wa moto wa Ryu kwa Street Fighter, bila kufikiria, robo duara kutoka chini hadi mbele halafu ngumi, mkono mzima unazunguka na si kidole gumba. Hizo gemu zilichorwa zikiwa na joistiki akilini.

Bedsitter jenga ya mezani. Ni ile sehemu ya juu tu ya kabineti, skrini, paneli, spika, basi, unaiweka juu ya meza ama stuli ndefu na ikiisha unaisukuma kando. Inakula mbao kidogo sana, skrini ya inchi 17 ama 19 inatosha. Kwa mtu wa bedsitter mimi hata singependekeza ile kubwa.

Sasa mashimo. Vifungo vya mtindo wa Kijapani ni shimo la milimita 30, vile vidogo vya kuanza milimita 24. Vya mtindo wa Kimarekani ni 28. Hii jua kabla hujanunua biti ya kutobolea, juu ukitoboa 30 na kifungo ni cha 28 kinacheza cheza hapo ndani milele. Na kuna vya kubana na vya nati. Vya kubana vinang'ata kwa bati ama plastiki nyembamba tu, kwa mbao ya milimita 18 havishiki, hapo unataka vya nati vyenye shingo ndefu.

Joistiki nayo ina mambo yake. Zile za Kijapani kama Sanwa JLF shingo yake ni fupi, ukiifunga chini ya mbao ya milimita 18 inatokea juu kidogo sana, ile mpira ya kushika inakaribia kugusa paneli. Kuna njia mbili. Ya kwanza, fundi achimbe mbao upande wa chini mpaka pabaki pembamba pale joistiki inakaa. Ya pili, na ndio naipenda, paneli iwe ya bati la milimita 2 na mbao iwe fremu tu ya kuishikilia. Nenda Kamukunji na ile ramani yako ya katoni, wale mafundi wanakukatia, wanakunja ukingo wa mbele usikate mikono, wanatoboa. Simama hapo hapo na kifungo kimoja mfukoni ujaribu kila shimo kabla hujalipa. Ukitaka kioo cha plastiki juu yake chenye picha chini, watu wa mabango tauni wana mashine za kukata.

mama_wawili

Mimi nataka kujengea watoto, mmoja ana miaka sita mwingine tisa, baba yao amenunua skrini ex-UK, ile ya mtumba, tayari. Maswali yangu mawili, stima si itawashika wakigusa hizo waya za vifungo? Na urefu, maana nikipima mimi watoto hawatafika.

mtu_wa_joistiki

Mama, karibu sana. Waya za vifungo zinabeba volti 5 za USB, sawa na chaja ya simu upande wa simu, hizo haziwezi kumshika mtoto. Hatari iko nyuma tu, kwa skrini, kompyuta na ekstensheni, huko ni volti 240. Kwa hivo mlango wa nyuma ufungwe kwa skrubu si kwa sumaku wala bawaba ya kuvuta, kebo moja peke yake ndio itoke nje kwenda kwa soketi, na hapo kwa soketi weka TV guard, unajua vile stima yetu ikirudi inarudi na fujo.

Urefu, usijenge kwa mtoto wa miaka sita, atarefuka. Paneli ya mtu mzima akisimama huwa kama sentimita 95 hadi mita moja. Jenga hivo, halafu mtengenezee kibao cha kusimamia, kipana, chenye miguu imetoka nje kidogo kisipinduke, na mpira chini kisiteleze kwa tailizi. Ama ujenge ya mezani uiweke kwa meza fupi, wakae kwa viti, na hiyo nadhani ndio inawafaa hawa wawili zaidi. Halafu kabineti iwe nzito zaidi chini kuliko juu, na uishikanishe na ukuta kwa kipande cha chuma. Watoto watapanda, hata uwaambie nini.

Na kwa miaka sita ningemwekea joistiki ya njia nne na gemu za Pac-Man kwanza. Hii ya njia nne nieleze vizuri juu watu wengi wanaipuuza. Chini ya joistiki kuna swichi nne ndogo. Ukisukuma kwa kona swichi mbili zinabonyezwa pamoja, na gemu ya njia nane inajua hiyo ni mshazari. Pac-Man haijui mshazari, kwa hivo ukikaribia kona ya njia na mkono umeenda kidogo kando, inapita bila kugeuka na yule jini anakukamata, na mtoto anafikiri ni yeye hajui kucheza. Joistiki nyingi zina kile kisahani cha plastiki chini, ukikibadilisha ama kukizungusha kinafunga zile kona zibaki njia nne tu. Mtoto akicheza na njia nne halisi utaona tofauti siku hiyo hiyo.

fundi_ngong_rd

Mimi ni fundi wa mbao, nimetengeneza hizi chache. Nakubaliana na mwenye uzi, wateja wanakuja na picha ya simu bila kipimo hata kimoja, mtu hajui skrini yake ni inchi ngapi kwa upana wa fremu yote. Pima skrini na fremu yake, si ule ulalo umeandikwa kwa boksi.

Sasa mbao. MDF, ile mbao ya unga wa mbao ulioshindiliwa, ya milimita 18, shiti ya futi nane kwa nne, ina uzito wa karibu kilo 40, kumbuka hiyo kama unakaa orofa ya nne bila lifti. Uzuri wake iko laini, hata ukikata mapindo inakatika vizuri na rangi inashika. Ubaya ni maji. Ukipiga deki kila siku na sanduku limekaa sakafuni moja kwa moja, ule ukingo wa chini unafura kama mandazi na haurudi tena. Weka miguu ya plastiki, ama chini pekee tumia marine board, plaiwudi ya kustahimili maji. Plaiwudi ni nyepesi na skrubu zinashika zaidi, lakini kingo zake zinataka kazi.

Skrubu usiingize kwa ukingo wa MDF bila kutoboa kwanza, inapasuka katikati kama vitabu. Mimi huweka vibao vya saiprasi inchi mbili kwa moja ndani, pande zote zinashikana na hivo vibao kwa gundi na skrubu kutoka ndani, nje hakuonekani kichwa cha skrubu hata kimoja. Zile pande mbili zikate zikiwa zimebanwa pamoja, zitoke sawa. Halafu kingo unaziba na lipingi ya plastiki, nyeusi ama ya rangi. Na vaa maski, vumbi la MDF si la kuvuta.

mzee_wa_buru

Vijana wangu, mimi nina televisheni ya kioo, ile nzito ya zamani ya inchi 21, bado inawaka vizuri. Nasikia picha ya hizo gemu inapendeza zaidi kwa hiyo kuliko hizi bapa. Naweza kuitoa kwa sanduku lake niiingize ndani?

mtu_wa_joistiki

Mzee, heshima. Ni kweli kabisa inapendeza. Zile gemu zilichorwa kwa mistari michache, Pac-Man ni nukta 224 kwa 288 peke yake, na ile mirija ya kioo inazilainisha, rangi zinaingiliana na unaona sura ya mtu pale skrini bapa inakuonyesha vigae. Na haina kuchelewa, ukibonyeza inaitika.

Lakini mzee nakuomba usiifungue. Ndani mle kuna volti elfu nyingi, zaidi ya elfu ishirini kwa televisheni ya rangi, na chaji inaweza kubaki hata ukishachomoa kwa soketi. Hiyo ni kazi ya fundi wa TV mwenye uzoefu, si yetu. Njia salama ni kuiacha ndani ya plastiki yake na kujengea rafu imara ya kuibeba nzima, halafu mbele unaweka fremu ya mbao nyeusi inayoficha ile plastiki. Acha nafasi ya hewa nyuma.

Kwa wengine wote, skrini bapa ex-UK, na tafuta zile za mraba, za 4:3 ama 5:4, maofisi ya Ulaya yalizitoa nyingi na kule Luthuli na Moi Avenue huwa hazikosekani. Gemu nyingi za zamani picha yake ni 4:3. Ukipata pana ni sawa pia lakini acha ile mistari mieusi kando, tafadhali usivute picha ijaze skrini, Ryu anakuwa mnene na mipira inakuwa mayai. Kama ni TV, ingia kwa mipangilio uweke hali ya gemu, maana TV nyingi zinapamba picha kwanza kabla ya kuionyesha na huko ndio vidole vinaanza kuhisi kuchelewa. Gemu hizi zinabadilisha picha kama mara 60 kwa sekunde, kila picha ni chini ya milisekunde 17, TV ikichelewesha picha tano sita mkono unajua hata kama jicho halijui.

kijana_wa_umoja

Na kompyuta? Nimeona watu wanasema Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, wengine wanauza zile bodi za gemu elfu tatu ndani, unachomeka tu na inacheza. Si hiyo ndio rahisi?

mtu_wa_joistiki

Rahisi ndio, na mimi siipendi kwa sababu mbili. Gemu elfu tatu hakuna mtu anacheza. Utaona mgeni anazungusha orodha nusu saa, anafungua moja dakika mbili, anatoka, anafungua ingine. Weka ishirini ama thelathini ambazo nyumba yenu inazipenda, kila mtu ajue rekodi ni ya nani, hapo ndio mashindano yanaanza. Ya pili, zile gemu zimewekwa humo bila ruhusa ya wenyewe.

Raspberry Pi 4 ama 5 ni nzuri, ndogo, haina kelele, unaweka Batocera kwa kadi, ama RetroPie kwa Pi 4, hizo ni programu za kupanga na kufungua gemu, na inacheza hizi za miaka ya 80 na 90 bila shida. Lakini kwa Nairobi mimi ningechukua desktop ex-UK ndogo, ile nyembamba ya ofisi yenye Core i3 ama i5. Ikifa powa saplai, unapata ingine tauni siku hiyo. RAM iko kila mahali. Na Batocera unaiweka kwa flash diski, unawasha kutoka kwa hiyo flash, diski ya ndani haiguswi, ukichoka unachomoa na kompyuta inarudi kuwa ya kazi za shule.

Injini inayocheza hizi gemu nyingi inaitwa MAME, ilianzishwa 1997 na Mtaliano Nicola Salmoria, na lengo lake tangu mwanzo ni kuhifadhi hizi mashine zisipotee, kila chipu inaigwa vile ilivyokuwa. Kama gemu yako haifunguki, mara nyingi si kwamba ni mbovu, ni toleo. Ile MAME 2003 kwa mfano inataka mafaili ya toleo 0.78, ukiipa ya toleo lingine inakataa. Angalia hapo kwanza kabla ya kulaumu kompyuta.

Gemu halali zipo. Tovuti ya MAME yenyewe ina chache ambazo wenyewe walizitoa bure kwa matumizi yasiyo ya biashara, kama Gridlee, Robby Roto na Star Fire. Capcom wanauza Capcom Arcade Stadium, mkusanyiko wa gemu zao, kwa Steam, duka la gemu la mtandaoni, tangu 2021, na hapo desktop yako yenye Windows inakusaidia. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 hapa Kenya inalinda programu za kompyuta pia, na kama unafikiria kuiweka dukani watu walipe, hapo usicheze kabisa, hata zile za bure masharti yake hayakuruhusu.

Kitu ingine ya stima. Ikipotea katikati ya gemu, kadi ya Raspberry Pi inaweza kuharibika mafaili. Weka kifungo cha kuzima vizuri nyuma, na ukiwa na UPS ndogo, ile betri ya akiba, iingize ndani ya sanduku, nafasi iko. Ukishapanga kila kitu fanya nakala ya hiyo kadi ama flash, weka kwa droo.

mama_wawili

Asante sana, nimeelewa. Baba yao anasema anataka ile kubwa, sio ya mezani. Tuko orofa ya tatu na ngazi zinapinda.

fundi_ngong_rd

Mama mwambie ijengwe vipande viwili. Chini sanduku lenye kompyuta na spea zako, juu skrini na paneli, vinashikana na bolti nne za ndani na nati za mabawa. Pima mlango, pima na ile kona ya ngazi, halafu kipande kikubwa kiwe chini ya hapo kwa inchi mbili. Na toboa safu ya mashimo nyuma chini na ingine nyuma juu, hewa ya moto ipande itoke. Paneli nayo iwe na bawaba, ifunguke kama boneti, kifungo kikifa baada ya mwaka hutaki kubomoa kila kitu.

mtu_wa_joistiki

Hiyo ya bawaba ni ya maana sana. Na waya zote ziwe na klipu za kuchomeka, msichome na risasi ya kulehemu, kifungo kibadilishwe na mikono mitupu. Andika kwa kibandiko kila waya ni ya kifungo gani kabla hamjafunga. Mama ukishapata ile katoni ya watoto, weka vipimo vyake hapa tuangalie pamoja na fundi kabla bati halijakatwa.